Ibonyeze, Uisikilize

Mazungumzo yetu ya leo redioni ni ya gundi. Si gundi ya bahasha wala ya kubandikia soli ya kiatu, bali ile inayoshikilia mbao ndani ya ndege za rimoti, na hasa zile kubwa, ambazo mtu akiziona uwanjani kwa mara ya kwanza hujikuta amerudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Ukubwa wenyewe ni upi? Huko Marekani kuna chama cha watu wa ndege kubwa za modeli, kinachojulikana kwa herufi IMAA. Wao wameweka mpaka kwenye mabawa: ndege ya bawa moja iwe na inchi 80 kutoka ncha hadi ncha, yaani mita mbili na kidogo, na ile ya mabawa ya ghorofa iwe na inchi 60. Lakini hapo ni mlangoni tu. Chukua ndege ya sarakasi aina ya Extra 330, iliyopunguzwa mpaka ikawa asilimia 35 ya ile inayopandwa na rubani. Mabawa yake yana mita 2.6 hivi. Injini yake ni ya petroli, ya sentimita za ujazo 100 au zaidi kidogo, ukubwa wa injini ya bodaboda. Pangaboi lake ukilisimamisha chini linapita goti la mtu mzima. Uzito wake ni kama kilo 12. Sasa ipe mwendo wa kilomita 126 kwa saa, ambao kwake si mwendo wa kujivunia, halafu piga hesabu ya nguvu iliyobeba: ni ile ile ya gari la tani moja linalogonga ukuta kwa kilomita 14 kwa saa. Gari walau lina breki. Hii ina pangaboi mbele.

Hesabu ya pili ndiyo inayonihusu zaidi leo. Mtu amesimama chini, rimoti mkononi. Anaiingiza ndege kwenye mbizi, kisha anaivuta ghafla ielekee juu. Katika mvuto huo mabawa yanaweza kubebeshwa uzito wa ndege mara kumi. Kilo 12 zinakuwa 120, na zote zinapita kwenye bomba moja la kaboni linalounganisha mabawa na mwili, na mbao chache zilizolizunguka. Rubani aliyeketi ndani ya ndege halisi akivuta kiasi hicho, damu humshuka kichwani, macho yakaingia giza, na mkono ukalegea wenyewe. Mwili wake unamwambia basi. Huyu wa rimoti hasikii lolote. Kidole chake hakijui kama kimeagiza kilo 12 au 120.

Na mbao zenyewe ni zipi? Nyingi ni balsa, mti wa Amerika ya Kati na Kusini, ambao sehemu kubwa ya mbao zake duniani hutoka Ecuador. Mita moja ya ujazo ya mninga wetu ina kilo 600 hivi. Ya balsa nyepesi inaweza kuwa na kilo 100 tu. Palipo na kazi nzito huwekwa plaiwudi. Misumari hakuna. Bawa moja lina mbavu, boriti ya juu, boriti ya chini, kuta nyembamba zinazounganisha boriti hizo, na ngozi ya balsa juu yake, na kila kimoja kimeshikwa na mwenzake kwa gundi. Ukiyahesabu maungio yote ya ndege nzima utachoka kabla hujamaliza.

Zamani mwenye ndege aliijenga mwenyewe mezani kwake, jioni baada ya jioni, na kila ungio alilijua kwa jina la baba yake. Akifunika fremu kwa kitambaa au kwa ile ngozi ya plastiki inayobandikwa kwa pasi, alikuwa anafunika kitu anachokijua. Siku hizi ndege nyingi za namna hii zinafika kwenye boksi zimekwisha kujengwa, nyingi zikitoka viwanda vya China na Vietnam. Mbao zimekatwa kwa leza, zikachomekana, zikatiwa gundi, zikavalishwa ngozi ya rangi inayong'aa. Mnunuzi anafunga injini, anafunga sevo, yaani vijimota vinavyosogeza vibao vya kuongozea, anachaji betri, basi. Sizilaani ndege hizo. Nyingine zimejengwa vizuri kuliko nyingi zilizotoka kwenye meza za nyumbani. Lakini wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na hapa mlango ndio uliopakwa rangi zote nzuri.

Niwape kasoro moja inayoletwa na leza yenyewe, maana watu hudhani kazi ya mashine haina dosari. Leza haikati mbao kwa meno. Inaichoma. Ukingo unabaki mweusi, na weusi ule ni mkaa mwembamba. Ukitia gundi juu ya mkaa, gundi itaushika mkaa vizuri sana, na siku ya mvuto mkali mkaa utaachana na mbao ukaondoka na gundi yake. Dawa ni kupitisha msasa kidogo ukingoni kabla ya kuunganisha. Kiwandani, mtu mwenye mamia ya vipande mbele yake hana muda wa msasa. Kasoro ya pili ni ya kibinadamu zaidi: tone la gundi limewekwa pembeni, likaganda hapo likimetameta, na katikati ya ungio hamna kitu. Ukimulika tochi unaiona gundi. Macho yameridhika. Mbao hazijashikana.

Hilo la kuona nje na kutoona ndani lina historia ndefu. Tarehe 31 Machi 1931, ndege ya abiria aina ya Fokker F-10 ilianguka mashambani karibu na Bazaar, jimbo la Kansas, Marekani, ikaua watu wote 8 waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Knute Rockne, kocha wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, mtu aliyejulikana nchi nzima, na kwa sababu yake kelele zilikuwa kubwa. Kwanza zilitajwa habari za barafu. Kisha uchunguzi ukageukia bawa. Bawa la Fokker lilikuwa la mbao, limefunikwa kwa plaiwudi iliyogundishwa juu ya boriti na mbavu, na unyevu ulikuwa umepenya ndani ukaidhoofisha gundi. Kinachonishughulisha katika kisa hicho si gundi kuachia. Gundi huachia. Ni kwamba mafundi wa shirika walikuwa wakilipita bawa lile kila siku, wakilipangusa, na hawakuwa na njia ya kuona ndani bila kuibandua plaiwudi. Serikali ilipozizuia ndege hizo kwa muda na kudai mabawa yakaguliwe ndani mara kwa mara, mashirika yalitazama gharama yake yakaanza kutafuta ndege za namna nyingine. Miaka miwili baadaye Boeing 247, ya metali mwili mzima, ilikuwa angani.

Basi mwenye ndege ya boksi yuko pale pale walipokuwa mafundi wa Fokker, isipokuwa yeye ana nafuu moja: ndege yake anaweza kuibeba, kuipindua, kuiminya na kuisogeza sikioni.

Ndiyo, sikioni. Ukaguzi mzuri wa gundi unaanza kwa kutafuta chumba kimya. Zima feni, zima redio. Hata mimi nizimeni, nitarudi wiki ijayo. Ondoa mabawa, ondoa kifuniko cha injini na kile cha chumba cha rubani, toa betri na tangi. Halafu usitazame kwanza. Shika mwili wa ndege kwa mikono miwili na uubonyeze taratibu, kutoka pua kuelekea mkia, kila baada ya upana wa kiganja. Kisha upinde kidogo, kama kwamba unataka kuukamua lakini moyo unakataa. Mwili mzima hunyamaza. Ulioachia mahali husema: kri. Sauti ndogo, kavu, mbao ikisugua mbao. Pale pale simama, weka alama kwa kipande cha selotepu, uendelee. Usianze kutia gundi kabla hujamaliza mzunguko, kwa sababu ungio moja lililoachia hubebesha jirani zake, na mara nyingi kri ya kwanza si peke yake.

Mahali pasipobonyezeka, gonga. Kucha inatosha, au sarafu ikishikwa kwa wepesi. Ngozi ya balsa iliyoshikwa vizuri na ubavu wake hujibu kwa sauti kali na fupi, na ukigonga katikati ya mbavu sauti inakuwa nzito kidogo. Ukisogea ukarudi juu ya ubavu, sauti kali irudi. Isiporudi, au ikija na mtetemo wa chini kwa chini, ngozi imeachana na ubavu. Inachukua muda masikio kuzoea. Lakini ndege ina kushoto na kulia, na hiyo ni bahati kubwa kwa mkaguzi: gonga bawa la kushoto mahali fulani, gonga la kulia mahali pale pale. Huhitaji kujua sauti sahihi ni ipi. Unahitaji kujua kwamba hazifanani.

Mahali pa kwanza pa kukaa muda mrefu ni ukuta wa injini. Huo ni ubao wa plaiwudi puani, injini imefungwa juu yake kwa bolti nne, na ubao wenyewe umeshikwa na kisanduku cha plaiwudi nyepesi kwa meno yaliyochomekana na gundi. Injini ya petroli inatikisa, na ya silinda moja hutikisa kuliko ya silinda mbili zinazotazamana. Shika injini kwa nguvu, isukume juu na chini, kushoto na kulia, huku jicho likiwa kwenye kona kati ya ukuta na kisanduku. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele umefuata kona, usiufute ukadhani ni uchafu wa moshi. Mafuta ya ekzosi hupakaa kila mahali puani, lakini hayachori mstari ila pale penye ufa unaofunguka na kufumba, ukiyavuta ndani kila injini inapowashwa. Wakati mwingine pembeni yake kuna unga mweusi laini. Ni mbao inayojisaga yenyewe. Ndege yenye unga huo hairuki leo.

Na matengenezo yake si ya kumwaga gundi juu ya mstari. Mbao iliyokunywa mafuta haishiki gundi yoyote, hata ya bei gani. Spiriti itasafisha uso tu. Mafuta ya ndani yatapanda tena. Kama yamezama, kata kipande hicho utie kipya. Kama bado ni uso, safisha, kwaruza mpaka mbao ionekane rangi yake, kisha tumia epoksi ya kuganda polepole, ya nusu saa na kuendelea. Ile ya dakika tano inaganda kabla haijazama kwenye plaiwudi, na ni laini zaidi joto likiwa kali. Kwenye kona za ndani gundisha vijiti vya pembe tatu ili ungio lisiwe na ukingo tu bali liwe na uso. Halafu toboa kupitia ubavu wa kisanduku mpaka ndani ya ukingo wa ukuta, utie vijiti vya mshikaki vilivyopakwa epoksi, uvikate usawa. Vijiti hivyo vya mianzi vinauzwa sokoni kwa bei ya karanga, na vinapinga ule mvuto wa mbele ambao gundi peke yake inauchukia.

Chini ya tumbo kuna kibao cha magurudumu, nacho kinakufa kwa kutua vibaya. Hapa sitakaa sana: kivute, kisukume nyuma, tazama kwa ndani kama meno yake yametoka kwenye matundu yao. Kikiwa kimeachia utakiona.

Bawa ni jambo jingine. Ndani ya bawa mvuto unapoelekea juu, boriti ya juu inasukumwa kufupika na ya chini inavutwa kurefuka. Zinataka kuteleza, kila moja upande wake. Kinachozuia ni zile kuta nyembamba za katikati, ambazo nyuzi za mbao yake zinatakiwa zisimame wima, na ambazo gundi yake inatakiwa ishike boriti zote mbili kwa urefu wote. Ukuta ulioshikwa juu ukasahauliwa chini hauna kazi. Boriti ya juu itanyongeka, bawa litakunjwa karibu na shina, pale linapoungana na mwili, na mtu atasema upepo ulikuwa mkali.

Kulikagua bawa, shika shina lake kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ulipinde kama kukamua nguo, upande huu na upande ule, kisha ufanye hivyo hivyo kwa mwenzake. Bawa linalokubali kupindika zaidi ya pacha wake lina siri. Tazama ngozi ya plastiki unapolipinda: mikunjo ya mshazari ikitokea mahali pamoja kila mara, hapo chini kuna kitu kinachocheza. Mikunjo peke yake haitoshi kuwa ushahidi, maana plastiki hulegea kwa jua na kukaza kwa pasi. Ila mkunjo unaopigwa pasi leo na kesho umerudi mahali pale pale, huo unazungumza habari za mbao.

Kwa kuona ndani kuna ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, ambayo mafundi wa magari wanaitumia siku hizi. Ipitishe kwenye tundu la sevo. Kwenye shina, tazama bomba la karatasi au la nyuzi za kioo ambalo ndani yake huingia bomba la kaboni: limegundishwa kwenye kila ubavu linaopita, au limegusa tu? Likizungushwa kwa kidole linazunguka? Tazama vipini vinavyozuia bawa kugeuka kwenye mwili, na ubao mdogo vilipozama. Na kama kamera haifiki, kata. Chukua wembe, kata dirisha la vidole viwili kwenye plastiki, upande wa chini, katikati ya mbavu, utazame, utie gundi ikihitajika, ufunike kwa kiraka cha rangi ile ile. Najua wapo watakaonichukia kwa neno hilo. Wamelipa fedha nyingi, plastiki ni kioo, na mimi nawaambia waikate. Kiraka cha chini ya bawa hakuna anayekiona ndege ikiwa angani.

Mkia nao una tabia yake. Ungio linalocheza mkiani halingoji kuvunjika. Kibao cha kuongozea kikiwa na nafasi kidogo kwenye bawaba zake, au mkia wenyewe ukiwa unacheza kwenye bomba lake, katika mwendo fulani hewa huanza kukitikisa, na mtikisiko huo hujilisha wenyewe. Aliye chini husikia mlio, mvumo mzito wa ghafla, na mara nyingi huo mlio ndio taarifa ya kwanza na ya mwisho. Kwa hiyo mkiani vuta kila bawaba kwa kidole, moja moja. Vuta hasa ile iliyo karibu na pembe, kile kijipande cha kibao kinachoshikwa na fito ya sevo.

Lakini mkiani ndipo pia watu wanapoharibu kwa nia njema. Kuna mtu akishaogopeshwa habari za gundi, hununua chupa tatu akazimimina ndani ya ndege mpaka ikawa sahani ya bamia. Gramu 50 za gundi mkiani, kwa kuwa mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua, zinaweza kudai gramu 100 au zaidi za risasi puani ili ndege isimame sawa. Umeongeza uzito mkiani na puani, na kila gramu itazidishwa mara kumi kwenye ule mvuto tuliouhesabu. Gundi ni ya kutiwa ilipokosekana, si ya kunyunyizwa kwa ajili ya amani ya moyo.

Supagluu ile nyepesi kama maji ina sifa ya kupenya yenyewe kwenye ungio lililobana. Tone moja linatambaa likapotea ndani, na kwa hilo haina mpinzani. Lakini haijui kujaza pengo, ni kavu ikikomaa na haipendi mtikisiko, na ungio ambalo tayari lina gundi ya seremala ndani halitaipokea. Itakaa juu, ing'ae, na tutakuwa tumerudi kule kule kwa macho yaliyoridhika. Inaganda kwa unyevu wa hewa na wa mbao, ndiyo sababu walioko Tanga, Mombasa au Unguja chupa huwagandia kabla hawajaimaliza. Moshi wake huchoma macho. Fungueni madirisha.

Gundi ya njano ya seremala kwa balsa mpya ni nzuri mno na haina mbwembwe: haivunjiki ovyo, inasafishwa kwa msasa, na kwa mbao safi zilizobanwa vizuri mbao hukatika kabla yake. Inadai kungoja tu. Na epoksi nyingi za dukani zina adui mmoja, joto: likikaribia nyuzi 60 zinaanza kulegea. Msidhani ni nyuzi za kiwandani hizo. Gari lililofungwa vioo juani, na ndani yake bawa lenye ngozi nyeusi, linazifikia. Hiyo Araldite ya kwenye maduka yetu ina ukoo na kampuni ya Aero Research ya Duxford, karibu na Cambridge, ambayo katika miaka ya 1930 kazi yake ilikuwa gundi za ndege. Lakini ukoo haumzuii mtu kuyeyuka juani.

Nimetaja joto, na hapa nataka kuwa mwangalifu, maana joto na unyevu hubebeshwa lawama zisizo zao. Mwishoni mwa 1944 ndege za kivita za Uingereza aina ya Mosquito zilianguka kadhaa huko Asia, upande wa India na Burma. Mosquito ilikuwa ya mbao: mwilini balsa katikati, plaiwudi nje na ndani, na gundi kote. Lawama ikaenda mara moja kwenye hali ya hewa. Ikasemwa gundi ile ya kasini, inayotokana na maziwa, imepasuka kwa joto na mvua za monsuni. Timu ya kampuni ya de Havilland ikasafiri hadi India, ikaandika kwamba si gundi iliyooza bali mbao zilizosinyaa katika majira ya mvua. Yaani bado hewa. Kisha wachunguzi wengine, wakiwamo wa wizara iliyosimamia utengenezaji wa ndege, wakakagua Mosquito ambazo hazijawahi kuonja monsuni hata siku moja, wakakuta kasoro za namna ile ile. Ndege hizo zilitoka kwenye viwanda viwili vya kampuni hiyo. Kazi ya gundi ilikuwa mbaya tangu mezani. Suluhisho likawa kuongeza ukanda wa plaiwudi kufunika ungio la ngozi kwa urefu wote wa bawa.

Kwa hiyo mtu akiniambia bawa lake limeachia kwa sababu ya unyevu wa pwani, namwomba kwanza anionyeshe ungio la ndani kabisa, lile ambalo unyevu haujalifikia.

Sasa nani anapaswa kukagua? Uingereza, ndege ya modeli inayozidi kilo 25 hairuki bila kibali maalumu, na wakaguzi wa Large Model Association huifuatilia tangu inajengwa, fremu ikiwa bado wazi. Marekani, chama cha Academy of Model Aeronautics kina utaratibu wake wa ukaguzi kwa ndege za kati ya ratili 55 na 125, yaani kilo 25 hadi 57 hivi. Huo utaratibu wa Waingereza naupenda kwa sababu moja: mkaguzi anakuja kabla ya pasi. Lakini Extra yetu ya kilo 12 haimo katika utaratibu wowote kati ya hizo. Inapita katikati ya sheria ikiwa imefunikwa. Uwanjani, kabla haijaruka mara ya kwanza, wenzake wa klabu watapima umbali wa mawimbi ya rimoti, watauliza injini inafanya nini mawimbi yakikatika, watatazama betri, na hayo yote ni mazuri. Ni nadra mtu kusema: toa kifuniko cha injini tubonyeze. Nadhani ni kuona haya, kwa sababu kubonyeza ndege ya mwenzako kunaonekana kama kumtukana. Klabu yoyote ingeweza kuliondoa hilo kwa kulifanya la kila mtu, mwanzo wa msimu, mwenyekiti akitangulia na ndege yake.

Na ndege itakapoanguka, maana nyingine huanguka hata hivyo, msizoe vipande mkavitia kwenye mfuko wa taka siku hiyo hiyo. Kaa navyo. Chukua kila ungio lililofunguka utazame nyuso zake mbili kwenye mwanga. Ukiona gundi imeondoka na nyuzi za mbao, uso umechanika, umejaa manyoya, basi gundi ilifanya kazi yake na mbao ndiyo iliyoshindwa, pengine kwa pigo lenyewe la ardhi. Ukiona uso mmoja una gundi inayong'aa na wa pili ni laini, safi, au mweusi kwa mkaa wa leza, hapo gundi haikuwa imeishika mbao. Na kama huo uso laini umeukuta kwenye bawa moja, chukua wembe ulifungue na la pili, hata kama limetoka salama, kwa sababu huenda lilijengwa kwenye meza ile ile, na mikono ile ile.